Jino Likishang'olewa, Tusikimbilie Kusukutua



 

Ndugu zetu wapenzi, kina baba, kina mama na vijana wetu, tunaomba mturuhusu leo tuache kidogo mada tulizozizoea za malezi na ibada, tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo. Nalo ni kidonda kinachobaki kwenye fizi baada ya jino kung'olewa, na zile dawa za kusukutulia ambazo sote huzikimbilia tukidhani tunajitibu. Sisi tunaoandika haya si madaktari, ni walimu wa madrasa. Lakini tuna deni katika jambo hili, na tumeona bora tuliseme wenyewe kabla hatujasemewa.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla hatujahamia Jinja, tulikuwa tukisomesha madrasa moja mjini Mbale. Alasiri moja watoto walikuwa kwenye bomba wanatawadha, nasi tumesimama kando kama kawaida yetu, tukiangalia nani anatawadha sawasawa na nani anachezea maji. Binti mmoja wa miaka kama 13 aliosha viganja, kisha akapitiliza moja kwa moja hadi usoni. Tukamwita: "Binti, umesahau kusukutua." Akatikisa kichwa, mkono mmoja ameushika shavuni juu ya mtandio. Tukadhani ni uvivu. Tukamwambia arudie, mara tatu, na asukutue vizuri. Watoto wa kwetu wakiambiwa na maalim hawabishi. Alisukutua mara moja tu, kwa nguvu kama tulivyomfundisha, na alipotema yalitoka maji mekundu pamoja na pamba ya hospitali na bonge la damu jeusi kama kipande cha ini.

Kumbe asubuhi ile alikuwa ameng'olewa gego. Swala ya Alasiri siku hiyo tuliisali kwa kuchelewa, kwa sababu tulimpakia kwenye bodaboda tukamrudisha kwa yule aliyemng'oa. Bwana yule, ambaye si Muislamu, alimwekea pamba nyingine, akamwambia aiume bila kusema, kisha akauliza kwa upole tu: "Nani aliyemwambia asukutue?" Tukajibu: "Ni sisi." Hakuongeza neno. Afadhali angetugombeza.

Mambo hayakuishia hapo. Mama yake, kwa mapenzi ya mama, usiku ule ule alitia maji ya vuguvugu kwenye kikombe akachanganya ile dawa ya kahawia ya kuoshea vidonda na kupigia deki, ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ikikutana na maji, akawa anamsukutuza nayo asubuhi na jioni. Alitaka vijidudu vife na kidonda kipone upesi. Siku ya tatu ngozi laini ya ndani ya shavu ilikuwa imebabuka, mdomo unanuka, na maumivu yamepanda kutoka kwenye taya hadi sikioni, mtoto halali. Alikosa madrasa karibu wiki mbili. Naye alikuwa amechaguliwa kusoma Qur'ani mbele ya watu kwenye Maulidi ya mwaka ule. Alisoma mwingine.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza na kusoma kila tulipopata nafasi. Na miaka miwili iliyopita, hapa Jinja, ilipofika zamu ya gego letu sisi wenyewe, tulimchosha daktari kwa maswali hata kabla hajatuchoma sindano ya ganzi. Tunayowaletea hapa ni yale tuliyoyapata, pamoja na maoni yetu, nayo maoni ni yetu peke yetu.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Jino likitoka linaacha tundu kwenye mfupa wa taya. Tundu hilo hujaa damu, damu huganda, na bonge hilo la damu iliyoganda ndiyo bendeji ya kwanza ambayo Muumba ameiweka tayari bila mtu kuinunua. Chini yake kuna mfupa mtupu na ncha za mishipa ya fahamu. Katika siku ya kwanza na ya pili chembechembe nyeupe za damu huingia kusafisha. Wiki ya kwanza ikiisha, nyama changa nyekundu huwa imeanza kujaa mahali pa lile bonge. Kiasi cha wiki tatu au nne fizi huwa imejifunga juu, na mfupa ulio chini huendelea kujijenga taratibu kwa miezi kadhaa. Kazi hiyo yote inaanzia kwenye damu ile ambayo binti yetu aliitema kwa amri yetu.

Bonge hilo likitoka au likiyeyuka kabla ya wakati, mfupa hubaki wazi. Madaktari huliita tundu kavu. Kwa kawaida maumivu yake hayaanzi siku ile ya kung'olewa. Huja siku ya pili hadi ya nne, wakati mgonjwa alishadhani amepona, nayo hushinda hata maumivu ya jino lenyewe. Kwa meno ya kawaida huwapata watu wachache, kama 5 au pungufu kati ya 100. Lakini kwa yale magego ya mwisho ya chini, hasa yaliyotolewa kwa kupasuliwa fizi, idadi hupanda sana, na tafiti nyingine zimefika hata 30 kati ya 100. Wanaovuta sigara hupatwa zaidi. Kufyonza kwa mrija, kutema kwa nguvu, kuchokonoa kwa ulimi au kijiti, na kusukutua mapema, yote haya yanaweza kulitoa lile bonge mahali pake.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapa ndipo tunapotofautiana na majirani zetu wengi.

Kosa letu kubwa ni kukidhania kidonda cha kinywani kuwa sawa na kidonda cha mguuni. Mtoto akijikwaa tunamwosha, tunammwagia dawa inayochoma, analia, nasi tunaridhika. Tuna imani ya zamani kwamba dawa isiyochoma haifanyi kazi. Imani hii tumeikuta kwa mabibi zetu kule Mbale na tumeikuta tena kwa majirani zetu wa Walukuba hapa Jinja, wala haijali kabila wala dini. Lakini dawa inayoua vijidudu haina macho ya kupambanua kijidudu na nyama changa ya fizi. Ikiwa kali ya kutosha, itachoma vyote viwili. Tena kinywa si mguu: kina mate, na mate yenyewe yana vitu vya kupigana na vijidudu na vya kusaidia kidonda kufunga. Ndiyo maana ulimi ukiung'ata leo, keshokutwa huukumbuki.

Hatutaki kuwadhulumu wenye dawa. Ipo dawa moja ya kusukutulia ambayo madaktari wa meno wa dunia nzima wanaiheshimu, inaitwa klorheksidini. Mwaka 1970, huko Denmark, Harald Löe na mwenzake Schiøtt walionyesha kwamba watu walioacha kabisa kupiga mswaki, wakasukutua mara 2 kwa siku kwa mililita 10 za klorheksidini ya asilimia 0.2, hawakupata ule utando mchafu wa meno wala fizi zao hazikuvimba. Siri yake ni kwamba hung'ang'ania kwenye meno na ngozi ya kinywa kwa saa nyingi baada ya kutemwa. Kwa mtu aliyepasuliwa fizi na kushonwa nyuzi, asiyeweza kugusa mahali pale kwa mswaki kwa siku kadhaa, hii ni neema, kwa sababu uchafu ukijikusanya kwenye nyuzi kidonda hakiponi.

Na hata kwa lile tundu kavu inasaidia. Wapo wataalamu wanaojulikana kwa jina la Cochrane, kazi yao ni kukusanya tafiti zote za jambo moja na kuzipima kwa pamoja. Walichapisha matokeo juu ya tundu kavu mwaka 2012, wakayarudia mwaka 2022, na mara zote mbili waliona kwamba klorheksidini inapunguza uwezekano wa kulipata. Basi utauliza, sasa ninyi maalim mnalalamikia nini?

Tunalalamikia saa. Kusukutua walikokupima ni kule kunakofanywa kabla jino halijatolewa, kisha kunakoanza saa 24 baadaye. Si jioni ile ile! Lakini sisi tunafanyaje? Tunatoka kwa daktari, ganzi haijaisha, tunapitia duka la dawa, muuzaji hatuulizi lolote, anatupa chupa, na tukifika nyumbani tunasukutua mara tano kabla ya Isha ili hela yetu isipotee.

Tunalalamikia pia kipimo na muda. Klorheksidini ya asilimia 0.2 hutumika mililita 10 kwa dakika moja, ile ya asilimia 0.12 mililita 15 kwa nusu dakika, zote mara 2 kwa siku, kwa wiki moja au mbili kama daktari alivyosema, basi. Wapo watu tunaowajua ambao wameitumia miezi, wakashangaa meno yamekuwa ya kahawia na chai haina ladha. Hiyo ni tabia yake inayojulikana, na chai ya rangi na kahawa huzidisha madoa. Pia haipatani na dawa ya mswaki, hivyo kati ya kupiga mswaki na kusukutua mtu apishe kama nusu saa. Mwaka 2013 watafiti wa London walichapisha jambo lililotushangaza zaidi: watu wazima wenye afya walioitumia kwa siku 7, shinikizo lao la damu lilipanda kidogo, kwa sababu dawa iliua pia bakteria wema wa kwenye ulimi ambao husaidia mwili kulegeza mishipa ya damu. Ni kidogo kweli, lakini kinaonyesha kwamba si kila kilicho hai kinywani ni adui. Na kwa watu wachache sana huleta mzio mkali wa kutisha; mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari juu ya hilo Oktoba 2012. Aliyewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi kwa dawa yoyote amwambie daktari kabla.

Upande wa fizi zenyewe, kwenye vyombo vya maabara imeonekana mara nyingi kwamba zile chembechembe zinazojenga nyama ya fizi zikiguswa na klorheksidini, hata iliyopunguzwa makali, hudhoofika au kufa. Kinywa cha mtu si chombo cha maabara, mate huipunguza na kuiosha, na ndiyo maana madaktari bado wanaiandika na wagonjwa wao wanapona. Lakini tukijua hivyo, hakuna sababu ya kuimwaga juu ya kidonda kibichi ambacho hakijaihitaji.

Sasa zipo zile chupa nyingine za rangi ya bluu na kijani, zenye harufu ya minti, zinazopangwa madukani karibu na sabuni. Nyingi ya hizo ni za kunukisha kinywa, na baadhi zina pombe, nyingine zaidi ya asilimia 20. Tumeulizwa mara nyingi kama kusukutua kwa kitu chenye pombe kunafaa. Wanazuoni wameliongelea na wametofautiana, nasi hatutaki kufungua mlango huo hapa, kwa sababu kwenye kidonda cha jino hatuna haja nao: pombe hukausha na kuchoma nyama changa, na daktari wetu alituambia tuiweke mbali hata kabla hajajua sisi ni nani. Soma maandishi ya chupa. Klorheksidini isiyo na pombe ipo, na mtu akiiulizia kwa jina hilo ataipata kwenye maduka makubwa ya dawa mjini.

Tuingie sasa kwenye lile lililotuumiza, yaani udhu, maana hapa hatumlaumu muuza duka wala mama wa mtoto.

Tunatawadha mara tano kwa siku, na kila mara tunasukutua mara tatu. Kwa mtu mwenye kidonda kibichi hiyo ni mara 15, kwa maji ya baridi ya bomba na kwa nguvu, maana tumefundishwa kuyazungusha maji kinywani. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu hapa Uganda tunayafuata, kusukutua ni sunna, katika udhu na katika josho pia, na ndivyo ilivyo kwa Imam Malik. Kwa Imam Abu Hanifa ni sunna katika udhu lakini ni lazima katika josho la janaba, na kwa Imam Ahmad ni lazima katika vyote viwili. Haya tuliyasoma sawasawa, na mwalimu wa darasa la kwanza anayajua. Kwa hiyo yule binti angeacha kusukutua siku ile, udhu wake ulikuwa mzima kabisa! Tulimsimamisha mtoto mgonjwa mbele ya wenzake kwa ajili ya sunna, tukamsababishia madhara, na elimu tulikuwa nayo kichwani. Tulichokosa ni kuuliza tu: "Una nini mwanangu?"

Rai yetu ni hii. Aliyeng'olewa jino aache kusukutua siku ile nzima, yaani swala tano zinazofuata, aanzie viganja aende puani kwa upole na usoni. Baada ya hapo, kwa siku kama nne au tano, atie maji kidogo kinywani, ainamishe kichwa, aachie yamwagike yenyewe. Wenzetu wanaofuata madhehebu yaliyolifanya lazima, wakiwamo ndugu zetu wengi wenye asili ya Kihindi hapa Jinja, maji kidogo hayo yasiyosukwasukwa huenda yakawatosha, na daktari akiwakataza hata hayo basi wamuulize sheikh wao, kwani dini haikuja kumdhuru mtu. Damu inayotoka kidogo kidogo haitengui udhu kwa Shafi. Kwa Hanafi inatengua ikitiririka na kuyashinda mate. Kwa hali yoyote asiimeze kwa makusudi, aifute kwa kitambaa safi. Na mswaki, ule wa mti au wa brashi, usiachwe: meno mengine yasafishwe kama kawaida, ila pale penye kidonda papishwe.

Mwezi wa Ramadhani nao huleta maswali yake. Anayeweza kungoja, ang'olewe usiku baada ya kufuturu au asubiri mfungo uishe. Asiyeweza kwa maumivu au uvimbe, huyo ni mgonjwa na ruhusa ya mgonjwa inajulikana. Tatizo tunaloliona kwetu ni mtu kung'olewa alasiri, halafu Magharibi anafuturu kwa chai ya moto na uji wa moto. Moto nao huamsha damu. Siku hiyo uji upoe.

Basi mtu atumie nini? Maji ya chumvi. Tunajua mtasema hata bibi yetu alituambia. Ndiyo, na bibi alikuwa na haki, ila na yeye alikosea vipimo. Mwaka 2014 madaktari wa Nigeria walichapisha utafiti wa wagonjwa waliong'olewa meno: kundi moja lilisukutua maji ya chumvi ya vuguvugu mara 6 kwa siku, kundi jingine mara 2, na kundi la tatu halikusukutua. Waliosukutua walipata uvimbe na maumivu ya tundu kidogo kuliko wale wa tatu, na la ajabu, mara 2 zilitosha sawa na mara 6. Kwa hiyo hata aliyefunga atasukutua baada ya futari na kabla ya daku, na hapungukiwi kitu. Mwaka 2016 watafiti wa Thailand nao walionyesha, kwenye maabara, kwamba zile zile chembechembe za fizi zinazodhoofishwa na dawa kali, zikioshwa kwa maji yenye chumvi ya asilimia 0.9 hadi 1.8, husogea haraka zaidi kuziba pengo la kidonda.

Asilimia hizo jikoni maana yake ni nusu kijiko cha chai, kisichojaa kilima, katika glasi ya robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kuwa vuguvugu. Si ngumi ya chumvi! Chumvi ikizidi sana hufyonza maji ya nyama changa na inauma bure, na hapo tumerudi kwenye ile imani yetu ya dawa inayochoma. Anza baada ya saa 24. Chukua funda, lishike upande wa kidonda, inamisha kichwa huku na huku polepole kwa dakika moja au mbili, kisha fungua mdomo juu ya beseni lidondoke. Usiteme kwa kishindo. Fanya baada ya chakula na kabla ya kulala, kwa wiki moja hivi. Chumvi yoyote ya dukani inafaa.

Karafuu tuiseme kidogo, maana ndugu zetu wenye asili ya pwani wanaipenda, na mafuta ya karafuu kweli hutuliza maumivu. Baadhi ya daktari wa meno huyatumia ndani ya dawa wanayoiweka kwenye tundu kavu. Lakini daktari anaweka kipimo, na sisi tunapondaponda tunashindilia. Mafuta hayo yakiwa mazito huunguza nyama, na unga wa karafuu ukiingia kwenye tundu hubaki kuwa takataka. Vivyo hivyo majivu, majani yaliyotafunwa, na zile punje za zambarau za pamanganeti, ambazo zisipoyeyushwa hadi maji yawe ya waridi hafifu huchoma vibaya. Habari ya kuwachimba watoto wachanga fizi kwa madai ya kuwatoa "ebiino" hatuigusi leo, hiyo ni dhuluma nyingine inayohitaji makala yake.

Kwa siku ile ya kwanza, fanya hivi: uma pamba kwa nusu saa bila kuitoatoa kuangalia. Ikilowa sana weka nyingine safi na uume tena nusu saa. Kula upande wa pili, matoke laini au uji uliopoa, usinywe soda kwa mrija. Usiku weka mito miwili. Mvutaji aache angalau siku tatu, na akiacha moja kwa moja tutamshukuru zaidi. Mtafuna mairungi naye anaelewa tunasema nini. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, mama mjamzito na mwenye ugonjwa wa selimundu waseme kabla ya kung'olewa, si baada.

Na urudi kwa daktari mara moja ukiona damu haikatiki hata baada ya kuuma pamba saa nzima, ukipata homa, uvimbe unaoshuka shingoni, mdomo kushindwa kufunguka au shida ya kumeza. Hayo hayangoji kesho. Maumivu yanayozidi siku ya tatu badala ya kupungua nayo yarudishwe kwa daktari. Tundu kavu hutibiwa kwa kuoshwa na kuwekewa dawa ya kutuliza, halitibiwi kwa chupa mpya ya kusukutulia. Hospitali za rufaa za Jinja na za Mbale zote mbili zina idara ya meno. Kwa anayekaa mbali, huko njia ya Iganga na Tirinyi, vituo vingi vikubwa vya afya vina mtaalamu wa meno, na ni bora kupanda taksi siku ya tatu kuliko siku ya kumi.

Hapa kwetu Jinja tumebadilisha jambo moja dogo kwenye madrasa. Kabla watoto hawajaenda kutawadha, mwalimu wa zamu huuliza nani ana kidonda, nani ana jino, nani kakatazwa maji. Mikono huinuka. Mara nyingi ni utani wa watoto, wengine wanainua ili wasiguse maji ya baridi tu, na hao tunawajua. Lakini mwaka jana mikono miwili ilikuwa ya kweli.

Yule binti wa Mbale sasa ni mama wa watoto wawili. Tulimkuta kwenye harusi moja kule Namakwekwe, tukamwomba radhi kwa mara nyingine, ingawa alishatusamehe zamani. Alicheka, akajifunika mtandio mdomoni kama siku ile, akasema: "Maalim, Alasiri inakaribia. Leo nisukutue, au nisisukutue?"